Nani Mwenye Mji? Adivasi na Ugomvi wa Jina Nchini India

Julai 2017 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44 la nchi hiyo. Wengi tulicheka. Wahindi wa Parklands, Nairobi, nao kabila, sawa na Waluo na Wataita? Lakini ng'ambo ya bahari kichekesho hicho kilikuwa na pacha wake, tena kaka mtu. Mwaka 2003 Wasiddi wa jimbo la Karnataka, watu weusi ambao mababu zao walivushwa Bahari ya Hindi kutoka Afrika, wengi wao wakiwa watumwa, waliingizwa kwenye orodha ya makabila yanayotambuliwa kikatiba nchini India. Ndugu zao wa Jambur, huko Gujarat karibu na msitu wa Gir wenye simba, walikuwemo siku nyingi. Lugha yao ni Kigujarati. Ngoma yao wanaiita goma.

Kisheria, basi, Msiddi wa Jambur yuko kapu moja na Mmunda, Msantali, Mgondi na Mbhili, watu ambao dunia imezoea kuwaita Adivasi, yaani wakaazi wa mwanzo. Sensa ya 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 104 ndani ya kapu hilo, asilimia 8.6 ya Wahindi wote.

Sasa mtazame Mmunda. Katika karne ya 19 mawakala wa mashamba ya chai ya Assam walisomba watu kutoka nyanda za juu za Chotanagpur, katika jimbo la leo la Jharkhand, kwa mikataba ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma. Vitukuu vyao wangali huko, wangali wanachuma chai. Mmunda wa Ranchi, huko Jharkhand, yumo kwenye orodha ya serikali. Binamu yake wa Dibrugarh, Assam, hayumo, kwa kuwa orodha huandikwa jimbo kwa jimbo, na Assam haikumwandika. Cha ajabu, huko Assam yeye ndiye anayeitwa Adivasi, mkaazi wa mwanzo, na papo hapo Wabodo, kabila la Assam lililomo kwenye orodha, wanamwona mgeni anayetaka kujipenyeza kwenye fungu lao la kazi na viti vilivyotengewa makabila. Wanaga, Wakhasi na Wamizo, ambao wamo kwenye orodha bila ubishi, jina la Adivasi hawalitumii kabisa.

Mwafrika yumo, Mmunda hayumo. Nimeanza na mkanganyiko huu kwa sababu wanaoidharau siasa ya Adivasi huushika kama fimbo: mnaona, wanasema, hili ni jina la kutunga, hakuna wa kwanza wala wa pili, sote tumetoka mahali. Ni kweli jina limetungwa. Linalonishangaza ni jinsi wanavyodhani kwamba wakishalisema hilo wamemaliza kesi.

Tatizo mojawapo ni letu wenyewe, wasomaji wa Kiswahili. Kwetu kila mtu ana kabila. Waziri ana kabila, profesa ana kabila, na katika fomu za Kenya lina nafasi yake pamoja na jina na tarehe ya kuzaliwa. India mambo si hivyo. Kule walio wengi wana jati, nafasi ya kuzaliwa ndani ya ngazi ya matabaka ya Kihindu, na neno tunalolitafsiri kabila limewekewa waliobaki nje ya ngazi hiyo. Kusema mtu fulani ni wa kabila, kwa masikio ya Delhi, ni kusema anatoka porini. Kamati ya Lokur ya mwaka 1965 ilitaja dalili tano za kulitambua kabila: tabia za kale, utamaduni wa pekee, kuishi mbali, haya ya kuchangamana na watu wengine, na kuwa nyuma kimaendeleo. Dalili hizo zinatumika mpaka leo. Hebu fikiria jamii inayoomba kutambuliwa. Inabidi iajiri wakili hodari, iandike maombi, iandamane hadi mji mkuu wa jimbo, kisha ithibitishe mbele ya maofisa kwamba inaona haya kukutana na watu.

Mtu aliyeikataa lugha hiyo mapema alikuwa Jaipal Singh Munda. Alizaliwa kijijini karibu na Khunti, wamisionari wakamwona ana akili, akafika Oxford. Mwaka 1928 aliongoza timu ya magongo ya India kwenye Olimpiki ya Amsterdam, na India ikarudi na dhahabu. Baadaye alifundisha chuo cha Achimota, katika koloni lililokuja kuwa Ghana, jambo ambalo sisi Waafrika tungelikumbuka zaidi. Mwaka 1939 alikabidhiwa uongozi wa Adivasi Mahasabha, chama kilichoanzishwa Ranchi mwaka mmoja kabla. Neno Adivasi, ambalo mizizi yake ni ya Kisanskriti, lilikuwa bado jipya kama shati lenye mikunjo ya dukani. Wamunda walikuwa na neno lao la kujiita, Horo. Wasantali walikuwa na lao, Hor. Maana yake ni watu, basi. Adivasi lilikuwa jina la jukwaani, la kuwakusanya watu wa lugha tofauti waliogundua kwamba mwizi wao ni mmoja.

Desemba 1946, kwenye Bunge la Katiba, Jaipal Singh alisimama akasema anajivunia kuwa jangli. Ndilo tusi walilokuwa wakitukanwa watu wake: mtu wa mwituni, mshamba asiyestaarabika. (Neno hilo linafanana mno na jangili letu, na majangili wa huku nao ni watu wa msituni ambao serikali haitaki kuwaona humo.) Aliwaambia waheshimiwa kwamba huwezi kuwafundisha watu wa makabila demokrasia, kwa kuwa wao ndio wa kukufundisha. Baadaye alilalamika kwamba tafsiri za Kihindi za nyaraka za katiba zilitumia neno lenye maana ya watu wa msituni mahali ambapo yeye alitaka neno Adivasi. Hakushinda. Katiba ya Kihindi inasema anusuchit janjati, makabila ya kwenye orodha.

Kwa nini mtu mwenye dhahabu ya Olimpiki na shahada ya Oxford agombane kuhusu neno moja la tafsiri? Jibu liko kwenye historia ya msitu.

Waingereza walitunga sheria yao ya kwanza ya misitu ya India mwaka 1865, wakaikaza mwaka 1878 na tena mwaka 1927. Kwa mkupuo wa kalamu, msitu uliokuwa na wenyewe ukawa mali ya serikali, na aliyekuwa akiokota kuni akawa mvamizi. Ukimwita mtu wa nchi hiyo mkaazi wa msituni, umempa anwani tu: anaishi ndani ya nyumba ya serikali, na mpangaji huhamishwa. Ukimwita mkaazi wa mwanzo, swali linageuka. Sasa serikali ndiyo inayopaswa kueleza iliingiaje. Kiswahili kinalijua hili vizuri kuliko lugha nyingi, maana mwenyeji kwetu ni mwenye mji, na umiliki umo ndani ya neno lenyewe.

Ndiyo maana jumuiya ya RSS, mama wa siasa za utaifa wa Kihindu, tangu zamani imependelea neno vanvasi, watu wa msituni. Tawi lake linaloshughulika na jamii hizi lilianzishwa Jashpur mwaka 1952 na limelibeba neno hilo kwenye jina lake. Limejenga shule, mabweni na zahanati nyingi, na kazi hiyo si ya kubezwa. Serikali ilikuwa haionekani huko. Lakini itikadi yake haiwezi kukubali kwamba ndani ya India kuna waliotangulia, kwa kuwa hapo Uhindu nao utakuwa umekuja kutoka mahali. Kwa hiyo Mmunda anaambiwa kwamba yeye ni Mhindu aliyesahaulika msituni, na kazi iliyopo ni kumrudisha nyumbani. Nyumbani kwa nani, ndilo swali lake.

Wamunda wenyewe wana kipimo chao cha uwenyeji, na hakihusiani na mambo ya miaka elfu tatu iliyopita. Kinaitwa khuntkatti. Ukoo uliofyeka msitu na kuanzisha kijiji ndio wenye ardhi, wote kwa pamoja, na mawe makubwa ya makaburi ya ukoo, sasandiri, ndiyo ushahidi. Anayekuja baadaye na karatasi ya mahakama ni diku. Pwani ya Kenya wangesema wakuja, ila diku lina sumu zaidi, kwa kuwa ndani yake yumo mkopeshaji, mkusanya kodi na karani. Jirani maskini aliyetoka mbali akaishi nao miaka yote huenda asiitwe diku hata siku moja. Hapo nadhani tumefika kwenye kiini: uwenyeji wa Chotanagpur ulikuwa uhusiano na ardhi na namna ya kuishi na watu kabla haujawa suala la damu.

Birsa Munda alizaliwa mwaka 1875, akasoma kwa wamisionari wa Kilutheri, akawaacha. Huwa anatajwa na msemo kwamba sahibu wote kofia yao moja, mmisionari na ofisa wa kodi. Mwishoni mwa 1899 uasi wake, Ulgulan, uliwaka. Wafuasi walisimuliana kwamba risasi za serikali zingegeuka maji. Mtanzania yeyote akisoma hapo husimama kidogo. Ni miaka sita tu kabla ya Ngarambe na Kinjikitile wa vita vya Maji Maji, na hakuna meli iliyobeba habari hiyo kutoka Ranchi hadi Matumbi. Watu wawili walionyang'anywa kitu kilekile walifikia ndoto ileile. Januari 1900 askari waliwamiminia risasi watu kwenye vilima vya Dombari. Birsa alikamatwa, akafia jela ya Ranchi tarehe 9 Juni 1900 akiwa na miaka 24.

Alipokwisha kufa, Waingereza wakampa nusu ya alichodai. Sheria ya ardhi ya Chotanagpur ya 1908 ilizuia ardhi ya watu wa makabila isiuzwe kwa watu wa nje. Sheria hiyo bado ipo, na kila serikali yenye haraka ya kuwaridhisha wawekezaji huitazama kama mtu anayetazama kufuli. Chini ya Jharkhand na majirani zake kuna makaa ya mawe, chuma, shaba, boksiti na urani. Jamshedpur, mji wa chuma wa Tata, umesimama kwenye nchi hiyo tangu mwanzo wa karne iliyopita.

Kisa cha Niyamgiri kinaonyesha jinsi mambo haya yanavyofungamana. Ni safu ya milima Odisha, yenye boksiti juu na Wadongria Kondh ubavuni. Kampuni ya Vedanta ilijenga kiwanda cha kusafishia boksiti chini, Lanjigarh, ikiwa na imani kwamba mlima utafuata. Aprili 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wanavijiji waulizwe kupitia gram sabha, ambayo Mtanzania ataielewa mara moja nikisema mkutano mkuu wa kijiji. Serikali ya jimbo ilichagua vijiji 12 tu kati ya zaidi ya mia moja. Vyote 12 vilikataa, kimoja baada ya kingine, mbele ya jaji na polisi wenye bunduki. Walisema mlima ni wa Niyam Raja, Mfalme wa Kanuni, na mwaka uliofuata wizara ya mazingira ikaifunga hoja hiyo.

Ushindi ule ulisherehekewa duniani kote, nami niliufurahia. Lakini tazama walichoulizwa. Mahakama ilitaka hasa kujua kama uchimbaji ungegusa haki yao ya kuabudu. Mlango wa umiliki ulikuwa umefungwa, ukabaki wazi mlango wa ibada, wakapita hapo. Wadongria hawana ukuta kati ya mambo hayo mawili, na kwao haikuwa hila. Ila sheria imewafundisha Adivasi wa kila mahali somo moja: ukitaka shamba lako lisikike mahakamani, lieleze kama madhabahu.

Wengine walijaribu njia nyingine. Mwaka 2017 vijiji vya wilaya ya Khunti vilianza kusimamisha mawe makubwa, wima, yaliyopakwa rangi na kuandikwa vifungu vya Katiba ya India kuhusu maeneo ya makabila na mamlaka ya gram sabha. Waliita pathalgadi. Desturi ya kusimamisha mawe ni yao tangu mababu. Kilichobadilika ni maandishi. Baadhi ya tafsiri zao za vifungu, kusema kweli, zilikuwa za kubahatisha, na mwanasheria wa mwaka wa kwanza angezikosoa. Serikali ya Jharkhand haikuleta mwanasheria. Ilileta kesi za uchochezi dhidi ya maelfu ya watu, wengi wao bila hata kutajwa majina. Watu wanashitakiwa kwa kuiandika katiba kwenye jiwe! Desemba 2019, Hemant Soren alipoingia madarakani, serikali yake mpya iliamua kesi hizo zifutwe.

Stan Swamy, padri Mjesuiti aliyetumia miongo yake Jharkhand akitetea vijana wa Adivasi waliosota mahabusu, hakuwa na bahati hiyo. Alikamatwa Oktoba 2020 kwa sheria ya ugaidi akiwa na miaka 83, mikono ikitetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson, akalazimika kuiomba mahakama kikombe chenye mrija. Alifariki Julai 2021, kesi yake haijasikilizwa.

Kutoka hapo dai la Sarna linaeleweka vizuri zaidi. Sarna ni kichaka kitakatifu cha miti ya sal pembeni ya kijiji, ambako kuhani, pahan, hutoa sadaka wakati wa Sarhul miti inapochanua. Ndilo pia jina ambalo watu wengi wa Jharkhand wameipa dini yao. Fomu ya sensa ya India ina nafasi za Wahindu, Waislamu, Wakristo, Masingasinga, Wabudha na Wajaini, kisha "nyinginezo". Chini ya "nyinginezo", mwaka 2011, karibu watu milioni 5 waliandika Sarna. Wajaini, wenye nafasi yao kamili, walikuwa takriban milioni 4.5. Novemba 2020 bunge la Jharkhand lilipitisha kwa kauli moja azimio la kuiomba Delhi iwape watu wa Sarna nafasi yao. Delhi haikuwapa.

Naliunga mkono dai hilo, na bado lina kitu kinachonikwaza. Wagondi wana miungu yao na njia yao wenyewe. Kwa Wabhili wa magharibi, mamilioni yao, Sarna ni neno la mbali. Nafasi moja ya "dini ya makabila" yenye jina la Chotanagpur inaweza kuwafanyia wao kile ambacho nafasi ya "Uhindu" inawafanyia Wamunda. Halafu kuna Adivasi Wakristo. Katika India Mdalit, mtu wa matabaka ya chini kabisa, akibatizwa hupoteza nafasi yake kwenye orodha ya matabaka, lakini mtu wa kabila akibatizwa habadiliki kisheria. Kwa miaka kadhaa sasa kuna kampeni ya kuwaondoa Wakristo hao kwenye orodha, na baadhi ya waumini wa Sarna wameiunga mkono, wakiona ndugu waliosoma shule za misheni wamejaza nafasi za kazi. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Lakini hesabu yake ni ya kutisha: ukiondoa Wakristo, idadi ya watu wa makabila inashuka kwenye wilaya kadhaa, na ni idadi hiyohiyo ambayo hutumika kuamua nani alindwe.

Na viongozi wao wenyewe je? Jharkhand ilipata kuwa jimbo tarehe 15 Novemba 2000, siku ya kuzaliwa Birsa kwa makusudi. Tangu hapo mawaziri wakuu wake wote isipokuwa mmoja wamekuwa Adivasi. Mmoja wao, Madhu Koda, alitiwa hatiani mwaka 2017 kwa kashfa ya makaa ya mawe. Shibu Soren alipanda kisiasa akiwaongoza watu kuvuna kwa nguvu mashamba yaliyochukuliwa na wakopeshaji, na mwanawe Hemant anaongoza jimbo leo, migodi haijapungua. Uchaguzi wa Novemba 2024 chama cha BJP, kinachotawala Delhi, kilihubiri hofu ya wahamiaji wa Bangladesh kwamba wanaoa mabinti na kuchukua ardhi. Kati ya viti 28 vilivyotengewa makabila kilipata kimoja. Wapiga kura walijua diku ni nani.

Kisha kuna Droupadi Murmu, Msantali wa Mayurbhanj, Rais wa India tangu Julai 2022. Ni rahisi kumfanya pambo la ukutani, na wengi wamefanya hivyo. Mwaka 2017, akiwa gavana wa Jharkhand aliyeteuliwa na serikali ya BJP, alirudisha miswada ya serikali ya BJP ya jimbo iliyotaka kuilegeza ile sheria ya 1908. Hapo kalamu yake ilifanya kazi ya Birsa. Agosti 2023, akiwa Rais, kalamu hiyohiyo ilitia saini marekebisho ya sheria ya misitu yaliyopunguza ulinzi wa misitu mingi, ikiwemo iliyo ndani ya kilomita 100 kutoka mpakani pale serikali inapotaka miradi ya usalama. Rais wa India hana nguvu nyingi, najua. Gavana naye hakuwa nazo.

Umoja wa Mataifa ulipolipigia kura Azimio la Haki za Watu wa Asili, Septemba 2007, India ilisema ndiyo, ikaongeza kwamba kwake Wahindi wote ni watu wa asili. Kenya haikupiga upande wowote. Serikali nyingi za Afrika hupenda hoja hiyohiyo ya India, kwamba sote ni wenyeji hapa, na inasikika kizalendo kabisa mpaka umuulize Mogiek wa Kenya aliyefukuzwa msitu wa Mau. Mei 2017 Mahakama ya Afrika, Arusha, iliamua kwamba Waogiek ni watu wa asili na kwamba Kenya ilivunja haki zao za ardhi. Ilikuwa miezi miwili kabla ya Wahindi kuwa kabila la 44. Tangazo la kabila halikugharimu hata ekari moja, likatekelezwa mara moja. Hukumu ya Arusha ilikuwa na msitu ndani yake, na mwishoni mwa 2023 nyumba za Waogiek zilikuwa zikibomolewa tena.

Sensa ya India iliyopaswa kufanyika 2021 imesogezwa hadi 2027, na kwa mara ya kwanza itafanywa kwa simu na tableti. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru itauliza jati ya kila mtu. Mwaka 2011 mtu wa Sarna alimtegemea karani aliyekuja na kalamu: amwandike alivyosema, au aandike Mhindu na kwenda nyumba ya pili. Katika vijiji vya Ranchi na Khunti ni heri wazee walitamke neno hilo kwa sauti, na wasubiri mlangoni mpaka waone limeandikwa.